Moshi Yenye Haionekane

Mama Furaha, bibi yangu,

Barua hii naandika na mukono yangu mwenyewe. Furaha alitaka miye niseme, yeye aandike, nikakataa. Mutoto niliyemuzaa hawezi kunishikia kalamu. Kama herufi zinatawanyika sawa mbuzi wa soko, wewe utazifuata. Ulizoea kunifuata mu njia mbaya kuliko hii.

Unakumbuka vile tulikuwa tunachoma makala ya kupikia kule juu, mu njia ya Itebero. Miye napanga miti, wewe unaleta majani na udongo, tunafunika yote mupaka moto inakosa pumuzi. Njo kazi ya makala: ukiacha moto ipumue, unabakia na majivu. Ulikuwa unaniambia, "Papa Furaha, unanyonga moto sawa vile ilikuibia kitu." Ulicheka, lakini makala yangu ilikuwa inalia sawa chuma, na kutoka Masisi mupaka Walikale hakuna muntu aliichoma kunishinda. Hata wenye walinichukia walisema vile.

Nyuma ya wewe kwenda, sante yetu ya huku mulimani, pale wanatibia wagonjwa, ilijengewa tanuru ya matofali na shemine yake ya kupandisha moshi, ya kuchoma takataka: serenge na sindano zake, bandeji zenye damu, chupa za dawa za plastiki. Wakatafuta muntu wa moto. Wangeita nani mwingine? Nikaanza kwa akili yangu. Chini kuko mulango kidogo ya kuingiza hewa. Nikaiziba na udongo. Moto ikalala, kuni zikakawia. Moshi ilikuwa inatoka nyeusi, nzito, inashukia materniti. Wamama wenye wamezaa walifunga madirisha hata jua likiwa kali, wakakohoa mule ndani na watoto wao. Infirmye mukubwa, mwenye kuongoza wauguzi, akaja kulalamika. Nikamujibu madirisha si kazi yangu, miye niko wa moto.

Njo akafika teknisyen mumoja kutoka Goma, mwanamuke, na mashini yake mu sanduku. Akapanda ngazi, akaingiza chuma refu mu tundu ya shemine. Mashini ikaanza kulia. Akaeleza watu kwamba inapima ile hewa mubaya yenye kuua muntu akilala na mbabula ya makala mu nyumba ya kufunga. Akashuka, akazunguka tanuru, akauliza nani aliziba mulango.

"Ni miye," nikasema. "Na udongo muzuri."

"Papa, hapa hatutafute makala. Tunataka kila kitu kiungue kiishe. Acha moto ipumue."

"Nilianza kuchoma mbele mama yako azaliwe."

"Naamini, Papa. Lakini mashini haijue miaka yako."

Watu wakacheka. Miye hapana. Akamwambia infirmye kwamba akirudi na mashini ikilia tena, tanuru itafungwa, na takataka yote itarudi mu shimo ya nyuma ya mashamba.

Ile shimo unaijua. Njo kule Furaha alikanyaga sindano akiwa mudogo, ukamubeba ku mugongo mupaka ku hospitali ya Mweso. Miye nilikuwa nyuma, naongea peke yangu.

Teknisyen alipoenda, nilikaa mbele ya tanuru, natazama ule udongo. Nikautoa na panga. Si juu ya vile yeye alisema. Niliwaza kuni zitaisha mbio, nikataka nione. Nikawasha kuni kavu peke yake kwanza, mupaka matofali ya ndani ikawa nyekundu, halafu nikatia takataka kidogo kidogo, ile ya maji nikaiweka kando ikauke. Moto ikanguruma. Kuni ziliisha mbio kweli. Pale nilikuwa nimewaza haki.

Aliporudi, chuma ikaingia, tukangoja. Mashini ikanyamaza. Alitazama namba zake muda murefu, akasema bado kidogo, shemine iongezwe ipite paa ya materniti. Hilo nilikubali mara moja, juu ya vile ni fundi wa mabati njo atapanda kule, si miye. Tanuru ilibakia. Shimo wameifukia. Watu wanasema ni mashini ya Goma ilitengeneza moto. Mashini haikubebe hata kuni moja.

Sasa madirisha ya materniti iko wazi. Juu ya shemine hakuna kitu, hewa tu yenye kutetemeka. Watu wakipita wananiuliza, "Papa, leo haukuchome?" Nasema nimechoma tangu asubuhi. Wanainua macho, wanatafuta moshi, hawaione, wanaenda. Miye, mwenye moto yangu ilikuwa inajulikana ku milima yote, nafanya kazi muzuri kupita zote na hakuna muntu anaona.

Wewe ungecheka kwanza, halafu ungeamini. Huku sina mwingine wa namna hiyo, njo maana nimekuandikia.

Lala vizuri. Majani ya ku kaburi yako nalima mwenyewe.

Bwana yako,
Papa Furaha