Gunia la Mbegu Lililopikwa Matangani

Chwele, Bungoma
10 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Phanice,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mtoto ananyonya vizuri? Na wewe, mgongo umepoa? Hapo Tuwan kuna baridi, tafadhali usioge maji ya bomba. Sisi tuko, miguu tu ndiyo imevimba kwa kusimama matangani.

Shemeji Khaemba, ndugu wa mume wangu, tulimzika vyema, na hakuna aliyekulaumu kwa kutofika na mtoto mchanga. Lakini kuna jambo linanila, na sijamwambia mtu.

Unaujua ule mpunga wa kikundi chetu cha akina mama, unaovumilia kiangazi. Mwaka jana bonde lilipokauka, mpunga mwingine wote uliungua, huo pekee ukazaa. Tulivuna gunia moja, tukaapa hakuna atakayeonja hata punje: lote ni mbegu. Wenzangu kumi na wanane wakaliweka kwangu, ati mimi ni mkali, hata panya wananiogopa.

Basi siku ya mazishi wakwe wa marehemu wakateremka kutoka Cheptais, pikapu mbili zimejaa. Unga umeisha. Baba mkwe wangu akasimama mlangoni kwangu akasema wakwe hawajawahi kuondoka na njaa katika boma hili, na hawataanza leo. Ningemjibu nini, Phanice, na jeneza liko uani? Nikatoa ufunguo. Mwanangu Walubengo akalibeba gunia kwa bodaboda kwenda kulikoboa.

Wali ulisifiwa, ole wangu! Hata Emmy, mwenyekiti wetu, aliongeza sahani ya pili, akaniuliza nilinunua wapi mchele mtamu hivyo. Nikasema sokoni. Mimi, mzee wa kanisa!

Nimemuuliza afisa wa kilimo kijanja. Anasema mbegu nyingine ni mpaka mwaka ujao.

Jumamosi wenzangu wanakuja na vikapu vyao kugawana mbegu. Niliwaza kuwawekea mpunga wa kawaida ninyamaze, lakini huo jua likiwaka mwezi mmoja tu umekufa, na Peris ana watoto watano wanaotegemea kipande chake cha shamba bondeni. Hapana. Nitasimama niseme. Naogopa kweli kweli, bana.

Msalimie shemeji Kiplangat na mama mkwe wako. Mungu amkuze mtoto, akupe maziwa tele.

Na Jumapili ukiwa kanisani usituombee mvua. Tulifunga siku tatu kuiomba. Sasa mawingu yamejaa Elgon na mbegu ya kupanda hatuna, nami napiga magoti kila asubuhi nikisali ichelewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Wilkista