Jicho la Gaju

Gikondo, Kigali

Shikamoo Mama,

Kaka Hirwa atakusomea. Huku mvua haikatiki, nami situlii; nimeosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kazini, lile jicho la mashine tunalolitengeneza kwa chembechembe zinazohisi mwanga sasa linakumbuka lilichokiona hata taa ikizimwa, kama ubongo. Nililifundisha kwa picha yako. Linakutambua.

Lakini Hirwa ananiambia umekataa kupasuliwa mtoto wa jicho, eti unasubiri jicho la Gaju, na kanisa zima la hapo Karagwe linaliombea! Mama, hilo ni la mashine. Halimfai mtu leo wala kesho. Daktari yupo, nenda wiki hii.

Nikija Krismasi usinipapase uso tena. Nitazame.

Mwanao,
Gaju