Neno Lililoandikwa Chini ya Sanduku

12 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Na mkwe wangu je? Sisi wazima, ila goti langu halitaki kuamka asubuhi.

Binamu yako amerudi kutoka huko kwenu ng'ambo na ukurasa wa gazeti wenye picha ya sanduku nililokuchongea ulipoolewa. Loo, sikulala kwa furaha! Chini pameandikwa “ornate”. Nikamuuliza maana yake, akasema nikuulize wewe, akatoka mbio. Haya, nieleze. Nataka fundi rangi aliandike juu ya mlango wa karakana.

Baba yako

30 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Sisi hatujambo.

Neno hilo ni la Kiingereza, la kitu kilichopambwa sana, kila mahali. Limetoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwao mzizi wake ulikuwa na maana ya kuandaa, kumpa mtu vifaa vyake vyote. Pia kupamba. Lakini fundi rangi asubiri kwanza.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kumbe Warumi nao walikuwa watu! Kumwandaa mtu, ndivyo hasa nilivyokusudia. Fundi rangi ameshamaliza, herufi nyekundu. Wateja wananiuliza, nawasomesha bure. Seremala jirani kanuna.

Baba yako

20 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini mu wazima. Barua hii nimeichana mara nne.

Ile picha ya gazetini ilikuwa tangazo la kuuza sanduku. Neno nililiandika mimi. Wageni walilicheka sanduku, wakasema maua yote hayo ni ushamba, nami nikacheka nao. Nikaona aibu kwa kazi ya mikono yako, Baba. Sanduku limeshachukuliwa na mnunuzi. Huku neno hilo huweza kuwa sifa, huweza kuwa kejeli, na mimi sikuwa nasifu. Nisamehe. Lifute pale mlangoni.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo. Umeniumiza, sikufichi. Siku tatu sikufungua karakana.

Lakini na mimi nina langu. Ubao wa kifuniko cha sanduku ulikuwa na ufa. Sikuwa na mwingine, na harusi ilikuwa imekaribia. Nikaujaza gundi na unga wa mbao, nikachonga ua juu yake, kisha maua mengine kila mahali ili lile lisishtukiwe. Ulipolishangilia sanduku mbele za watu, nilitamani ardhi inimeze.

Mtafute aliyelichukua. Mwambie asiweke kitu kizito juu ya kifuniko.

Baba yako