Kidonge Hakina Zamu

Durban,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Itikia hapo hapo ulipokaa, hata kama mimi sitasikia. Mkono unaendeleaje tangu wafungue plasta? Vidole vinakunjika vyote vitano, au kile kidogo bado kinagoma? Na kuku wamebaki wangapi? Mara ya mwisho wewe ulisema saba, kaka Masanja akasema watano, nikajua mmoja wenu hajahesabu.

Mimi ni mzima. Wiki hii huku kuna mvua na upepo, miguu inaniuma kwa kusimama, lakini kazi ipo na mwili upo, sina la kulalamikia upande huo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, Jumanne ulinikatia. Ulisema, "Niacheni na kidonge changu." Ya pili, simu ndiyo iliyotuponza. Kwenye simu neno linapita mara moja na kila mtu analishika anavyolijua yeye. Barua utaisoma, utaiweka chini ya mto, utairudia. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Masanja akusomee, ataruka yanayomhusu.

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana nimekaa huku kulaumu watu.

Miezi mitatu iliyopita uliniomba nikutumie dawa za usingizi, "zile kali za huko," ukasema hizi za Mkolani zimeshakuzoea. Ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kuwa unazimeza. Niliogopa, mama. Kazini kwangu, kwenye makao haya ya wazee, nawaona wanaomeza dawa hizo, najua zinavyowafanya. Nikakwambia kwa haraka haraka, huku nimesimama koridoni na trei mkononi: "Mama, usiache ghafla. Tuweke mgawo." Mimi kichwani mwangu mgawo ni kugawa. Kidonge kimoja, gawa kwa mbili, unameza nusu kila jioni. Ukasema, "Sawa mwanangu, nimeelewa," nikafurahi, nikarudi kwa wagonjwa.

Nilisahau kuwa nimetoka nyumbani miaka tisa. Nilisahau kuwa mtu wa Mkolani ukimwambia mgawo anaona bomba. Leo maji yapo kwenu, kesho yapo kwa wenzenu. Wiki tatu nzima ukameza kidonge kizima leo, kesho humezi kabisa. Nilipokuuliza baadaye ukiwa hospitalini, kupitia simu ya Masanja, ilikuwaje, ulinijibu kwa utulivu kabisa: "Si ulisema mgawo? Jana ilikuwa zamu yangu, leo si zamu yangu."

Nimeyafikiria maneno hayo mpaka nimechoka. Maana hesabu yako ilikuwa sahihi. Kwa mwezi vidonge thelathini, gawa kwa mbili, kumi na tano. Hata mimi ningepata kumi na tano. Tatizo ni kwamba mwili haupigi wastani. Siku ya zamu ulikuwa unazama, na siku isiyo ya zamu unatetemeka, unatoka jasho, moyo unakimbia, unasema umeingiwa na malaria. Ukawa unapanda na kushuka hivyo siku ishirini na moja. Na ile asubuhi ulipoanguka mlangoni ukienda kuwasha jiko, nimehesabu kurudi nyuma: ilikuwa baada ya siku ya zamu. Dawa ilikuwa bado imo mwilini. Mkono ule umevunjika kwa neno langu moja. Nisamehe, mama. Sijui kuliandika kwa namna nyingine.

Sasa niseme na yale yanayonikereketa mimi.

Kikao cha familia huko Kiseke kwa Masanja kimekaa bila mimi. Nimeambiwa tu kwamba baba mdogo alikuwepo, Masanja alikuwepo, na kwamba wameona mama amezeeka, anasahau, anaanguka, kwa hiyo mwisho wa mwezi ujao ahamie kwa Masanja na nyumba ya Mkolani ipangishwe. Nilipopinga, Masanja akaniuliza, "Wewe mfua mashuka, unataka kumfundisha daktari?" Nilimjibu kwamba mashuka niliyafua miaka mitatu, ni kweli, na shuka la mzee linakwambia mengi kuhusu usiku wake. Baada ya hapo nilisoma kozi jioni, nikafeli, nikarudia, nikafaulu. Leo ndiye mimi ninayegawa dawa na kuweka alama kwenye karatasi, na mtu akisinzia kwenye uji ndiye mimi ninayeulizwa kwa nini. Hakuna aliyenishika mkono kufika hapo. Yeye alisomeshwa mpaka chuo, mimi niliambiwa darasa la saba linatosha kwa mtoto wa kike. Sikulisema siku ile. Nalisema leo, kwa sababu sasa wanataka kuamua na juu yako bila kuhesabu.

Mimi nimehesabu. Baba amefariki sasa ni miaka miwili na miezi minne. Kabla ya hapo hukuwa unasahau chochote. Ulikuwa unamkumbusha baba hata siku ya mkutano wa mtaa. Ule msiba wanawake walilala na wewe sebuleni chini kwenye mikeka, ukiwa katikati, usiku wote wa matanga. Nilikuwepo. Walikuwa tisa na mimi wa kumi. Ulilia, lakini ukilala ulilala, na hukumeza kitu. Siku walipokunja mikeka na kuondoka, na mimi nikapanda basi, ndiyo siku Mama Neema jirani yetu alikuja na vidonge vyake kwenye karatasi, akakwambia meza haka utalala. Simlaumu Mama Neema. Alikuletea alichokuwa nacho, kama angekuletea chumvi. Ila chumvi ile ilipaswa kwisha wiki ile ile, wewe ukaenda duka la dawa ukaendelea, na hakuna aliyekuuliza.

Kusahau kulianza lini? Masanja anasema "muda mrefu." Nikambana, akakiri kwamba sufuria ya kwanza iliungua kama miezi minne baada ya msiba. Kabla ya msiba sufuria zilizoungua ni sifuri. Uzee haukuingia nyumbani kwetu na karatasi ya Mama Neema kwa siku moja. Daktari aliyekutibu mkono nimezungumza naye mwenyewe, akanisikiliza vizuri, na akakubali kwamba dawa hii kwa mtu wa umri wako inaweza kuleta usahaulifu, kizunguzungu na kuanguka. Hakuniahidi kuwa yote yatatoka. Na mimi sikuahidi. Inawezekana ukaacha dawa na bado ukasahau funguo. Lakini tutajua lipi ni la uzee na lipi ni la kidonge, na kwa sasa hakuna anayejua, si Masanja, si baba mdogo.

Jambo jingine. Wiki mbili kabla ya kuanguka nilikuwa nakupigia kila asubuhi nakuuliza ulipanda kitandani saa ngapi na ulizindukana saa ngapi, ukadhani nakupeleleza. Nilikuwa naandika. Kwa siku zile ulizomeza, unalala saa mbili usiku na kuku wako, unaamka saa nane, unasema hujalala. Mama, hizo ni saa sita. Mchana kwenye kiti unalala tena saa mbili nyingine, Masanja mwenyewe amekukuta. Jumla nane. Mtoto mchanga ana zaidi, lakini wewe si mtoto mchanga. Kinachokusumbua si usingizi mdogo. Ni hizo saa za kuanzia saa nane mpaka kuche, umekaa macho peke yako ndani ya nyumba ambayo zamani ilikuwa na mtu anakoroma. Saa hizo, kidonge hakizifikii hata ukimeza viwili.

Nikueleze habari ya bibi mmoja hapa, anaitwa Bibi Shanta. Ni Mhindu, mjane kama wewe, alikuwa na duka la vitambaa. Kila nikimwona nakumbuka yule mama wa dukani pale mjini Mwanza aliyekuwa anakupimia khanga huku anakuuliza habari za watoto wote kwa majina. Daktari wetu alipoagiza apunguziwe dawa ya usingizi, alikataa chakula siku nzima. Nikaenda kukaa naye. Kwa Kiingereza chake na changu, vyote vimechakaa, akaniuliza, "Wewe unaniletea kidonge saa mbili na nusu kila siku. Kikiisha, utakuja kufanya nini?"

Nikamwambia nitakuja hivyo hivyo. Na nimekwenda. Kidonge kizima kikawa robo tatu, robo tatu ikawa nusu, kila hatua wiki mbili au zaidi, akizidiwa tunasimama hapo hapo, haturudi nyuma wala hatukimbilii mbele. Mimi nafika saa mbili na nusu na maziwa ya moto, nakaa dakika kumi, ananisimulia bei za hariri za mwaka ambao sikuwa nimezaliwa. Siku nyingine anakesha, na asubuhi ananitukana. Imechukua miezi mitano. Sasa hamezi, na ameanza kunisahihisha ninapokosea siku. Wengine hapa wamebaki na robo, na yupo babu mmoja aliyekataa kabisa, tukamwacha na chake. Nakwambia na hao ili usiseme nakuonyesha waliofanikiwa tu.

Kwa hiyo mama, daktari wako ameshasema: usiache ghafla, na usiruke siku. Sasa unameza kimoja kila jioni, endelea hivyo mpaka umwone Alhamisi. Yeye ndiye atakayekupa kipimo cha kushuka, na amesema atakupa vile vya nguvu ndogo ili usihangaike kukata kwa kisu. Utakachopewa ni cha kila siku. Jumatatu mpaka Jumapili. Hakuna zamu. Maji yana zamu, kidonge hakina. Vile vya Mama Neema, kama vimebaki, mrudishie kwa shukrani, usichanganye. Chai ya rangi mwisho saa tisa mchana. Kwenye kiti usilale, ukihisi kusinzia toka nje ukawasimamie kuku. Na usipande kitandani kabla ya saa nne, hata kama huna la kufanya.

Najua utaniuliza, saa mbili mpaka saa nne nitaongea na nani. Nimempigia Shangazi Holo, Bujora. Tangu wanawe wahame naye yuko peke yake, amesema yuko tayari kuja kukaa na wewe mpaka utakaposhuka kipimo chote, na baadaye mtaamua wenyewe. Namjua shangazi, hadithi zake hazina mwisho, na wewe humpendi anavyoonja mboga kabla haijaiva. Lakini ni dada yake baba. Anajua mambo ya baba ambayo wewe huyajui, tangu akiwa mtoto anachunga. Nilipomuuliza kama hataona shida kulala nyumba ya kaka yake marehemu, alisema, "Huyo mama yako anadhani ni yeye peke yake asiyelala?"

Masanja nimemwambia asihamishe mtu wala asipangishe chumba mpaka dawa iwe imeshuka na daktari akuone tena. Amekubali kwa shingo upande, lakini amekubali, na amesema Alhamisi atakupeleka mwenyewe. Mpe nafasi. Alipokukuta mlangoni asubuhi ile alilia, ameniambia, na ndiyo maana anataka uwe karibu naye. Hasira yangu kwake isikufanye umkasirikie na wewe.

Lakini mama, hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuuliza wewe. Masanja amepanga, mimi nimepanga, hata shangazi ameshafunga mzigo. Nami nilikutungia mgawo nikiwa koridoni. Kwa hiyo nakuuliza sasa. Ukitaka kuendelea na kidonge chako, sema. Sitakuzira na sitaacha kupiga. Ukitaka Kiseke, sema pia, pengine tunakupigania nyumba usiyoitaka tena. Nitapiga Ijumaa, saa nne asubuhi, ukiwa umeshakunywa uji na dawa imeshatoka kichwani. Usinipe jibu la jioni. Miaka miwili hii nimeongea na kidonge. Nataka mama yangu mwenyewe anikatalie au anikubalie, na lolote atakalosema nitalifuata.

Nisalimie Masanja, kaka yangu, na wifi yangu mkewe, mwambie nashukuru alivyokuogesha wiki zile za plasta. Nisalimie Mama Neema, jirani mwema, na umwambie naye aende kumwona daktari kwa ajili ya hivyo vyake, maana kama anavyo vya kugawa basi anavyo vingi. Shangazi akifika mpe kitanda cha dirishani, anapenda upepo.

Nakushika mkono ule mzima, na ule mwingine naugusa taratibu.

Ni mimi mwanao,
Kabula