Paulin Anakuwa Mama Kuku

Siku ya kwanza, 6/8/2001
Mimi Kasika, niliyeendesha kamiyo mpaka Kampala na Kisangani — leo naangalia batoto ba wakimbizi hapa paruasi, kwa kanisa ya Butembo! Masœur Agar, mutawa wa hapa, anasema Paulin, miaka tano, mutoto wa Kanyere, hajasema neno tangu batoke Kalunguta. Kanyere anasema ni huzuni: homa iliua dada yake mukubwa, Bénite, mu njia. Nikamuambia masœur: unipe juma moja, ataongea kupita radio. Muchezo unafungua kichwa cha mutoto kushinda dawa. Masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa ya tatu, mais hiyo naijua!

Siku ya tatu, 8/8
Leo muchezo wa kuku na kipanga. Mama kuku mbele, vitoto nyuma, kila mumoja anashika kiuno cha mwenzake. Kipanga — mimi, na tumbo langu hili! — natafuta kukamata wa mwisho. Mama anafungua mikono, anamukinga. Hapo banajifunza kushikamana, kusikilizana, kuchungana. Paulin akakataa. Benzake: bubu! bubu! Nikabagombeza. Nikamupa muhogo wangu. Akala. Bon.

Siku ya tano, 10/8
Amesema! Nilimuweka Paulin mama kuku. Nikaja nanguruma. Hakufungua mikono hata. Akamutoa mutoto Shalom, wa mwisho ku mustari, akamusukuma kwangu: «Mukamate huyu wa nyuma! Mutuachie siye!»
Sauti ya mwanamuke kabisa. Batoto bakacheka. Na mimi nikacheka — mujinga.
Kanyere alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni. Muchi ukasimama.

Siku ya posho (samedi), 11/8
Kanyere amekuja. Anasema hapana homa iliyoua Bénite. Basoda benye bunduki balibasimamisha mu njia: utupe mutoto mumoja, ao tunamaliza bote. Bénite alikuwa nyuma, na mukeka kichwani. Miaka kumi na mbili.
«Papa Kasika, ile kinywa ya Paulin ulifungua, uifunge. Bwana yangu anakuja kesho, anatoka Beni.»


Siku ya Mungu, 12/8
Mathe, bwana ya Kanyere, amefika na kamiyo ya kakao. Amelia mpaka amechoka. Sasa anamubeba Paulin ku magoti, anamuuliza: «Mutoto wangu, dada yako aliondoka namna gani?»
Kanyere ananiangalia mimi. Nikaanza hadisi ya Kampala — hapana mutu anacheka. Nikakimbilia ndani, niko naandika ku dirisha.
Paulin ameshuka. Anavuta mama yake na kitenge, anamusimamisha mbele. Anamushika kiuno. Anamuita Shalom akuje nyuma.
«Wewe kipanga,» anamuambia baba.
Mathe anapanguza macho, anacheka kidogo. Anafungua mikono kama mabawa ya kipanga, anakuja.