Programu ya Stoo ya Dawa

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepata nafuu. Mimi sijambo: nakula, nalala, naamka. Baada ya miaka thelathini na moja ugenini, zaidi ya hayo nitakuwa natia chumvi.

Habari za binti yetu nimezipata. Umeniandikia kwamba zahanati zote nne zilizokuwa zikilipia programu yake ya stoo ya dawa zimeiacha kwa sababu imetokea nyingine ya bure. Kwamba amefunga ofisi na amerudi kwako, kwenye chumba chake cha utotoni. Ukasema aliyeigawa hiyo ya bure hana utu. Nilisoma maneno hayo mara mbili, kisha nikaenda kuosha vyombo.

Mimi kazi hii ya kuandika programu nilijifunza kwa programu za watu nisiowajua. Waliziacha wazi, kila mstari unasomeka, wala hakuna aliyeniuliza karatasi za ukaazi. Nilipostaafu nikaona nami nitoe changu.

Mwaka jana nilikuwa nampigia simu binti yetu kila wiki. Nilimuuliza dawa inayokaribia kuharibika huwekwaje mbele ya nyingine, na muuguzi akikosea kuandika hurekebishwaje. Alinieleza kwa subira, akidhani baba yake mkubwa anatafuta cha kupitishia uzee. Siku moja alinitania, akauliza kama nataka kumnyang'anya tonge. Tulicheka sote.

Programu hiyo ya bure ni yangu, ndugu yangu. Niliitoa kwa jina la bandia. Zahanati arobaini zinaitumia sasa, na nyingi hazikuwahi kuwa na kitu ila daftari.

Wiki iliyopita binti yetu alimwandikia mwenye programu, asijue ni mimi. Hakutukana. Alisifu kazi, akaonyesha kosa kwenye hesabu ya chanjo na namna ya kulirekebisha. Mwisho akauliza, kwa heshima tu, ndugu huyu analishwa na nani.

Kosa nimelirekebisha. Swali sijalijibu. Nimekaa nikisubiri nijute, au nijivunie, hakuna kilichokuja.

Mpe barua hii aisome mwenyewe. Usinitetee. Akikuuliza kwa nini, mwambie nina pensheni, na kwamba nilipoigawa nilikuwa nimeshiba, nikasahau kuuliza kama yeye amekula.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani.

Ni mimi,
Kaka yako