Muziki wa Harusi na Zamu ya Spana

Dukani kwangu, nyuma ya soko,
Jumapili, 9 Juni.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua. Presha ya Mama imeshuka, ila chakula anakigusagusa tu. Ukimpigia simu mhimize ale, dada yako anakusikia wewe kuliko sisi sote. Cherehani zangu mbili zinafanya kazi, nashukuru.

Ulifurahi ulipoona picha za harusi ya mdogo wangu, watu wa kila umri wamejaa ukumbini. Picha hazikudanganyi, tulicheza. Lakini kuna jambo sikukueleza, na kwenye simu siwezi, Mama yupo karibu kila saa.

Familia ilinipa kazi ya muziki kwa kuwa, walisema, mdomo wangu ndio unaoweza kushindana na dijei. Nilifuata maagizo yako yote: magitaa ya zamani yaanze mapema wazee wakiwa bado na miguu, nyimbo za vijana zisifuatane zaidi ya mbili, na katikati uwepo wimbo wenye kiitikio ambacho hata mtoto anakidaka. Niliyaandika nyuma ya daftari langu la vipimo.

Ulibaki wimbo wa kufungulia, wa maharusi. Mdogo wangu alikuwa ananikwepa, kila siku kesho, na dijei alikuwa karibu kusafiri. Alhamisi ile nilimpigia simu mara nne. Akasema yuko zamu ya mchana. Nikamwambia, "Mwombe mtu akushikie. Saa mbili tu, hutakufa."

Aliyemshikia ni Spana, fundi mwenzake pale kiwanda cha sabuni, rafiki yake tangu shule, ambaye ndiye angekuwa msimamizi wake wa harusi.

Tulikuwa kwenye kile chumba cha dijei nyuma ya duka la simu, mdogo wangu amevaa vipokea sauti, anacheka, anapiga meza kwa vidole. Tulikuwa tumeupata: magitaa yanaanza polepole, halafu yanachanganya. Kumbe simu yake ilikuwa imeita mara sita. Boila la kiwandani lilikuwa limepasuka. Spana alikuwa peke yake pale.

Tukamzika. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa. Mdogo wangu aliomba iahirishwe, baba mkwe wake akasema wageni wako njiani. Akaomba basi muziki usipigwe, watu wale waende. Bibi harusi alilia kutwa nzima, mwisho wakakubaliana upigwe kwa sauti ya chini.

Sijawahi kuona ukumbi kama ule, Mjomba. Wimbo wa kufungulia tuliuruka; magitaa ya zamani yalipigwa, wazee wakatazama sahani zao. Zikaja za vijana, wakatikisa miguu chini ya meza kisha wakaacha. Watoto walioanza kuruka walivutwa na mama zao. Watu wa kiwandani walijaza meza mbili, na kila jicho lilikuwa kwa mjane wa Spana, aliyekaa wima mbele ya soda asiyoifungua.

Akainuka. Akaja moja kwa moja pale niliposimama na dijei.

"Siku ile mlichagua upi?"

Nilimwonyesha kwenye daftari.

"Upige," akamwambia dijei. "Na uongeze sauti."

Akaenda akamshika mdogo wangu mkono, akamwinua. Bwana harusi alicheza kama mtu anayetembea kwenye tope. Bibi harusi akafuata, halafu Mama, halafu wazee, vijana, watoto, na wale wa kiwandani wanacheza huku machozi yanawatoka. Ndizo picha ulizoziona.

Watu walisema amesamehe, na mimi nililishikilia neno hilo. Wiki iliyopita nikaenda kwake kumweleza habari ya zile simu nne. Nilimkuta anakunja ovaroli za marehemu, za kurudisha kiwandani. Nilisema yote. Hakuacha kukunja.

"Kwamba mlikwenda kuchagua muziki nilijua," akasema. "Hizo simu sikuzijua."

Nikamshukuru kwa kucheza.

"Sikucheza kwa ajili yenu. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi. Nilitaka wapate kitu kingine cha kutazama." Akachukua ovaroli nyingine. "Sasa nenda, dada. Nina kazi."

Mdogo wangu amerudi kiwandani. Ameomba zamu ya mchana iwe yake siku zote, na habadilishani na mtu, hata akiwa na homa. Tunaposalimiana ananiitikia vizuri. Zile simu hajazitaja hata mara moja, na mimi sijamwambia kwamba nilikwenda kwa mjane.

Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kubeba hili peke yangu. Nakuomba usinijibu kwamba si kosa langu. Hilo nimeshaambiwa na kila asiyejua.

Msalimie sana mkaza mjomba na binamu zangu wote wawili. Mama anakusalimu, maharusi wanakusalimu, na fundi mwenzangu wa hapa dukani naye kasema asisahaulike. Mungu akuzungushie mkono wake huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima.